Hongo ya Njia: Baiskeli, Changarawe na Historia ya Ugogo

Wapo watu wanaovuka bahari ili kuja kuendesha baiskeli katika barabara ambazo sisi wenyewe tumezihesabu kuwa aibu ya taifa. Tangu mwaka 2003 msafara wa Tour d'Afrique umekuwa ukitoka Cairo kwenda Cape Town, na kwa miaka mingi waendeshaji wake walipita Babati, Kondoa na Dodoma kuelekea Iringa, wakila vumbi lile lile ambalo wabunge wa mikoa hii walilipigia kelele kila msimu wa bajeti. Huko Marekani, mashindano ya barabara za changarawe yaliyoanza mwaka 2006 katika mji mdogo wa Emporia, Kansas, yamezaa biashara nzima yenye baiskeli zake, magazeti yake na mashujaa wake. Jirani zetu wa Kenya nao, tangu mwaka 2021, wana Migration Gravel Race katika nyika za Maasai Mara. Nahodha wa timu ya Amani, Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni huko Vermont, aliamini kwamba barabara za changarawe ndizo zingemfikisha mwendeshaji wa Afrika Mashariki mahali ambapo barabara za lami za Ulaya zilimfungia mlango.

Kwa hiyo sikushangaa wanafunzi wangu walipoleta pendekezo la kuchora ramani ya njia za baiskeli za utalii katika nyanda hizi za kati: vilima vya Mpwapwa, bonde la Kinyasungwe, milima ya Irangi. Ni pendekezo zuri, nami naliunga mkono. Neno moja tu katika andiko lao lilinikwaza. Waliandika kwamba njia hizo "hazijagunduliwa". Makala hii ni jibu langu kwa neno hilo, kwani sidhani kama kuna njia katika Tanzania zilizopitwa na kugombewa kuliko hizi. Zimelipiwa pia, na aliyezilipia mara nyingi hakuwa yule aliyezipita.

Tuanze na maji. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikujali unyoofu. Ilipanda bonde la mto Mkondoa, ikakata au kuzunguka milima ya Rubeho, ikashukia Mpwapwa ambako vijito vya mlimani viliwapa wapagazi maji matamu ya mwisho. Baada ya hapo palikuwa na Chunyu, penye maji ya magadi, kisha Marenga Mkali, jangwa dogo lisilo na kisima, ambalo misafara ililivuka kwa mwendo wa tirikeza: kuondoka mchana huku kila mtu amebeba maji yake, kulala njiani pakavu, na kuamka alfajiri kukimbilia kisima cha kwanza cha Ugogo. Burton na Speke walipita hivyo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, na wote waliandika kana kwamba wameivumbua nchi, ilhali walikuwa wakiongozwa na Wanyamwezi waliokuwa wameifanya safari hiyo kuwa kazi yao ya maisha.

Ugogoni walikutana na hongo. Msomaji wa leo asikiapo neno hili humfikiria askari wa barabarani au karani wa ofisi fulani. Katika karne ya kumi na tisa hongo ilikuwa kitu kingine kabisa: ada ya halali, iliyojadiliwa hadharani, iliyolipwa kwa mtemi kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga na kwa waya. Wasafiri wa Kizungu waliilaani katika vitabu vyao, wakawaita Wagogo wanyang'anyi, na picha hiyo imeganda hata katika vitabu vya shule tulivyosoma. Lakini hebu tuutazame mambo kwa jicho la mwenyeji wa Kanyenye au Mdaburu. Nchi yake hupata mvua kwa miezi michache ya mwaka. Mito yake ni ya mchanga. Wakati wa kiangazi maji yako chini, nayo hupatikana kwa kuchimba mashimo kwa mikono. Kisha unaingia msafara wa watu mia kadhaa, wenye kiu, wanaotaka maji, mtama, kuni na mahali pa kulala, halafu kesho wanaondoka na kukuachia kisima kilichokauka. Ni serikali gani duniani ambayo isingetoza ada?

Kwa maoni yangu, hongo ilikuwa sera ya barabara ya kwanza tunayoijua katika nchi hii ambayo ilimfanya mpitaji amlipe mkazi. Kila sera iliyofuata iligeuza mambo, ikamfanya mkazi amlipie mpitaji. Sijui kama ni bahati mbaya au ni mantiki ya historia kwamba neno lenyewe lilishuka cheo hadi likawa jina la kosa la jinai.

Wajerumani hawakukawia. Hongo ikakoma, na mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, ambayo asiye na fedha aliilipa kwa jasho: kufyeka njia, kubeba mizigo, kuponda kokoto. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mhandisi alifanya kama alivyofanya mpagazi: alilifuata bonde. Kutoka Kilosa reli inapenya katikati ya milima kandokando ya Mkondoa hadi Kidete, Godegode na Gulwe, ambako mto huo huo huitwa Kinyasungwe. Mpagazi, hata hivyo, alijua kuhama mafuriko yanapokuja; reli haihami. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliikata, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliisomba tena vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Anayetaka kuendesha baiskeli katika bonde hili, na nadhani ndilo bonde zuri kuliko yote katika eneo letu, ajue kwamba njia anayoiona leo imelala juu ya njia nyingine zilizozikwa na mchanga.

Vita vya kwanza vya dunia vilipita juu ya nyanda hizi kwa miguu ya watu. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Van Deventer yalishuka kutoka kaskazini, yakaiteka Kondoa Irangi mwezi Aprili na Dodoma mwezi Julai. Njia waliyopita ndiyo ambayo baadaye Waingereza waliiingiza katika ndoto yao ya barabara ya Cape hadi Cairo, Great North Road, na ndiyo hiyo hiyo ambayo waendesha baiskeli wa Tour d'Afrique wameipenda. Waliopita mwaka 1916 hawakuipenda. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua vijana kuwa wapagazi, na mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano wa Ugogo. Sijaona kibao kimoja kando ya barabara ya Kondoa kinachoitaja. Makaburi ya askari yanatunzwa, na ni sawa yatunzwe; Mtunya imeachiwa wazee wasimulie, na wazee wanakwisha.

Baiskeli iliingia katika historia hii kimyakimya. Ililetwa na wamisionari na maofisa, ikawa alama ya mwalimu, karani na mhubiri, kisha katika miaka ya baada ya vita vya pili ikaanza kuwa mali ya mkulima aliyeuza ng'ombe mmoja akapata magurudumu mawili. Chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilienezwa vijijini kwa miguu, kwa malori ya kudandia na kwa baiskeli, nami huwaambia wanafunzi kwamba mtu akitaka kuelewa kasi ya chama hicho asihesabu hotuba, ahesabu tairi. Mwanaharakati mwenye baiskeli hakuhitaji ruhusa ya mwenye gari wala barabara ya serikali. Alihitaji kijia tu, na vijia vilikuwepo.

Lakini jambo lililoifanya baiskeli kuwa chombo cha lazima katika Dodoma, kwa mtazamo wangu, ni siasa ya vijiji. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, kabla uhamisho haujaenea nchi nzima kati ya mwaka 1973 na 1976. Watu walitoka katika matembe yaliyotawanyika karibu na mashamba na malisho yao, wakapangwa kwenye mistari kandokando ya barabara, mahali ambapo lori la chakula, bwana shamba na mwenyekiti wa chama wangeweza kufika. Kwa upande wa shule na zahanati, jambo hili lilileta faida ambazo si haki kuzikana. Kwa upande wa mkulima, lilimtenga na shamba lake. Shamba na kaburi la babu vilibaki kwenye mahame, pengine mwendo wa saa mbili kutoka kijiji kipya.

Hapo ndipo vilipozaliwa vijia vingi ambavyo leo mwendeshaji wa changarawe huvisifia kwa wembamba na upweke wake. Si vijia vya mbuga. Ni mishono kati ya kijiji kilichopangwa na serikali na mahame yaliyokataa kufa. Mtu aliviendea kulima, kuvuna, kutambika, na akarudi na gunia la uwele juu ya kerea. Baiskeli zenyewe zilikuwa Phoenix ya China, au Swala, ile iliyotengenezwa nyumbani na kampuni ya umma ya NABICO, jijini Dar es Salaam. Hazikuwa na gia. Mlima ukizidi, mtu hushuka na kukokota. Mchanga ukizidi, hushuka na kukokota. Na katika nchi hii mchanga huzidi mara nyingi. Waliokuwa wakubwa wakati huo watakumbuka pia Jumapili zile, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipoadimika na magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea kuanzia saa nane mchana. Kwa nusu siku kila wiki barabara za Tanzania zilikuwa mali ya watembea kwa miguu na wenye baiskeli. Dhiki hiyo hakuna anayetaka irudi, ila nakiri kwamba picha yake hunivutia.

Milima ya Irangi ina hadithi yake, na hapa ningependa mwendeshaji apunguze mwendo. Ukitoka Kondoa kwenda Kolo, au ukikatiza kwenda Haubi, utapita katikati ya miti ya miombo iliyosimama juu ya makorongo mekundu yenye kina cha kutisha. Makorongo hayo ni majeraha ya ukataji miti, mifugo mingi na sera za zamani zilizowasukuma watu na ng'ombe wao pamoja. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Uswidi. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Majani yakarudi, miti ikarudi, na wataalamu wakaandika kwa furaha. Ng'ombe waliohamishwa walikuwa na wenyewe, na familia nyingi zilipoteza maziwa, samadi na mahari kwa siku moja. Mandhari ya kijani ambayo mgeni ataipiga picha kwa simu yake ni halisi, na gharama yake nayo ni halisi. Juu zaidi, katika miamba ya Kolo, kuna michoro iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliochora hawakuwa na barabara, na michoro yao imedumu kuliko barabara zote.

Sasa niuguse mji wenyewe. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na Mpango Mkuu uliokamilika mwaka 1976, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Canada, ulikuwa na wazo ambalo leo linasomeka kama la kinabii: mji wa majengo mafupi, wenye bustani, ambamo mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli na abiria wa basi wangetangulizwa mbele ya mwenye gari. Hawakuwa waota ndoto. Walitazama taifa maskini lisilo na mafuta wakauliza watu wake wanasafirije. Njia za baiskeli zilichorwa kabla ya wengi wetu kujua kusoma ramani. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliishi tangu mwaka 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017, na katika miaka hiyo arobaini na minne mji ulikua kwa kufuata viwanja na magari. Serikali ilipohamia kweli, ilihamia kwa magari makubwa ya vioo vyeusi.

Mwezi Aprili 2018 zilizinduliwa barabara za lami za Dodoma hadi Babati na Iringa hadi Dodoma. Sitaki kuwa msomi anayesifia vumbi akiwa ndani ya gari lenye kiyoyozi. Mama mjamzito wa Kondoa aliyefikishwa hospitali kwa saa tatu badala ya siku nzima hahitaji mhadhara wangu. Lami ni haki. Hata hivyo, tuseme pia kilichotokea kwa mwenye baiskeli: barabara ilipopanda hadhi, yeye alishushwa. Lori linapokuja nyuma yake kwa kasi anaingia kwenye mtaro, na kama ana magunia mawili ya mkaa anaingia nayo. Barabara ya changarawe ilikuwa mbaya kwa wote kwa usawa; ubaya huo ulilazimisha magari yaende taratibu, na utaratibu huo ulikuwa ndio usalama wake.

Reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imewekewa uzio na vivuko vya chini. Ni lazima iwe hivyo, treni ya mwendo kasi haiwezi kugawana njia na mbuzi. Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, yenye kilometa 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, ikikata kila kijia kinachotoka vijijini kuingia mjini, vile vile kama mkasi unavyokata nyuzi za kitambaa. Kijia kinachokatwa hakina wakili. Nimeona fomu kadhaa za fidia: zina safu ya nyumba, ya kaburi, ya mti, ya zao. Sijaona yenye safu ya njia ya kupita. Kisheria, mtu aliyepita mahali pamoja kwa miaka hamsini kwenda kwenye shamba lake hakupoteza chochote, isipokuwa kilometa sita zaidi kila asubuhi na kila jioni hadi kwenye kivuko kilichopangwa na mhandisi.

Ndiyo maana ramani ya wanafunzi wangu ina uzito kuliko wanavyodhani. Ikichorwa kwa ajili ya mgeni peke yake, itakuwa kipeperushi. Ikichorwa kwa uaminifu, ikiwa na jina la kila kijia kama wanavyokiita wenyeji, kinakotoka, kinakokwenda na nani hukitumia kufanya nini, itakuwa ushahidi unaoweza kuwekwa mezani siku wapimaji watakapofika. Utalii wa changarawe unaweza kukifanyia kijia kile ambacho miaka hamsini ya kukitumia haikukifanyia: kukipa thamani inayosomeka na ofisi. Inasikitisha kwamba inahitajika baiskeli ya mgeni ili baiskeli ya mkaa ionekane, lakini siasa za ardhi ndivyo zilivyo, na mimi si mtu wa kukataa silaha kwa sababu imekuja na ngozi laini.

Kuna suala la malipo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hakuna kinachozuia vijiji vilivyo kando ya Kinyasungwe, tuseme kuanzia Gulwe kwenda Godegode, kukubaliana ada moja kwa kila mwendeshaji wa mashindano au wa msafara wa utalii, kwa stakabadhi, ikiingia katika mfuko wa visima na matengenezo ya vivuko vya mto. Waandaaji wa misafara watanung'unika, kama alivyonung'unika Burton. Kiasi kitajadiliwa, kama kilivyojadiliwa Kanyenye, na mwenye haraka atalipa zaidi. Ningependekeza hata jina la zamani lirudishwe katika stakabadhi hiyo, liandikwe kwa herufi kubwa, ili karani wa halmashauri alazimike kueleza kwa mgeni, na kwa mkaguzi wa hesabu, ni kwa nini kijiji chake kinapokea hongo mchana kweupe.